Usaha Nilioudhani Ruhusa

Almería, Hispania

Mama Neema, mke wangu,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini barua hii itawakuta salama hapo Isansa, baridi imepungua na kifua cha mama kimeachia. Kahawa ya mwaka huu imezaaje? Na Neema, bado anagoma kula maharage?

Najua umenuna. Kila ukipiga simu nasema mtandao unasumbua, nakata. Mtandao haukuwa na shida yoyote. Nilijua nikisikia sauti yako nitashindwa kusema, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unakumbuka nilikwambia chuma kimeniangukia mguuni? Nilisema ni kidonda kidogo, na siku ile kweli kilikuwa kidogo. Tulikuwa tunashusha nguzo za yale mabanda ya nailoni ya kulimia nyanya, moja ikateleza ikanichana mguu wa kushoto, juu ya kifundo. Zahanati wakanisafisha, wakanifunga bendeji, wakasema hali ikibadilika nipige simu.

Baada ya siku kadhaa soksi ikaanza kulowa. Nikapiga. Muuguzi alijua Kihispania tu, na mkalimani wa Kiswahili hawakuwa naye, basi wakaniunganisha na wa Kiingereza. Kiingereza changu unakijua, ni kile cha ofisi ya mizigo pale Tunduma. Nilitaka kumwambia kidonda kinatoa maji mazito, maneno yake sikuwa nayo. Nikasema kinauma. Ndipo akaniuliza kama nina "discharge".

Mpakani neno hilo nililisikia kila siku: lori likishusha mzigo, ndiyo discharge. Nikaona hapa halikai. Kisha nikakumbuka baba alipolazwa, Mungu amrehemu, karatasi yake ya ruhusa iliandikwa hivyohivyo. Nikadhani wanataka kujua kama zahanati walishaniruhusu.

"Bado," nikamjibu.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Akaongea na muuguzi, halafu akaniambia niendelee na dawa za maumivu. Kumbe alikuwa ananiuliza kama kidonda kinatoa usaha.

Ninaishi chumba kimoja na Mghana anaitwa Kofi. Yeye ndiye aliyefungua bendeji nilipoanza kuweweseka kwa homa. Akageuza uso kwa harufu. "Kaka, hii si ya kukaa nayo nyumbani," akasema, akatoka kutafuta gari.

Hospitali walijaribu, nisiwaseme vibaya. Mwisho daktari akaja na mkalimani mwingine, mama mmoja mwenye mvi, akaketi pembeni ya kitanda. Akauliza kwa nini kwenye simu nilisema hakuna usaha. Nikamweleza nilivyoelewa. Akashika mdomo. Akasema kwa Kihispania nisingechanganya: usaha wa kidonda ni supuración, ruhusa ya hospitali ni alta, kushusha mzigo ni descarga. Kiingereza ndicho kilichoyatia yote kwenye neno moja.

"Nisamehe kwa niaba ya mwenzangu," akasema.

Sikuwa na cha kusamehe. Mwenzake aliuliza sawasawa, na mimi nikajibu nilichosikia.

Mguu wameukata, Mama Neema. Chini ya goti. Kama umesimama, keti kwanza.

Mshono ulipokauka wakanipa hiyo alta, nikarudi chumbani. Wiki hiyohiyo msimamizi wetu akaja, akasimama mlangoni bila kuingia, akaninyooshea karatasi iliyoandikwa despido. Alipoondoka nikamuuliza Kofi kwa Kiingereza ni nini. Alichezea funguo zake muda mrefu.

"Discharge," akasema. "Wamekuachisha kazi."

Sasa nashinda dirishani. Nikitoka, magongo yanazama kwenye mchanga. Kazi ya mtu wa mguu mmoja hapa haipo, na kibali changu cha kukaa kilitegemea kazi ile. Watanirudisha au nitarudi mwenyewe, sioni tofauti. Ule mpango wa wewe na Neema kunifuata tuuache. Shamba la mteremkoni mpe kaka yako Elia alilime kama lake, maana mimi kule chini kwenye mikahawa sitashuka tena. Nimejaribu kuomba, maneno hayaji. Usinitafutie ya kunitia moyo. Niandikie tu habari za hapo, hata za kuku.

Nisalimie Elia, na mwinjilisti wetu, na jirani yetu muuza vitumbua. Neema mkumbatie, ila usimwambie bado. Na mama akikuuliza habari zangu, mwambie mwanawe ni mzima. Mzima kwa maana ya kuwa hai. Ile maana nyingine usiiguse.

Mumeo akupendaye,
Baba Neema