Mbegu ya Kambare

Jumatatu, 7 Oktoba
Matope hadi magotini tena. Lambo limebaki dimbwi la katikati. Tumevuta wavu mara tatu, kambare pipa zima, tukagawana. Mgongo unaniuma. Nastahili. Ni mimi niliyewaleta miaka ile, wanane kwenye ndoo, nyuma ya bodaboda kutoka Geita. Nilijiona mjanja. Wakala vyura, wakala vifaranga vya bata maji, bata wenyewe wakahama. Mama mkwe wangu, Mayu, ndiye aliyeanza kuniita Mama Kambare. Sasa ni kijiji kizima, hadi kanisani. Mwanangu anaitwa Neema. Hakuna anayekumbuka.

Jumatano, 9 Oktoba
Bwana samaki wa wilaya kaja. Kasema tuwamalize kabla ya mvua. Wakibaki dume na jike tu, mwakani tunaanza upya. Leo wavu umetoa watatu. Nimerudi naimba.

Ijumaa, 11 Oktoba
Haiwezekani! Jana wavu ulitoka mtupu. Leo wadogo kumi na tisa, wazima, wanacheza. Kamati nzima ya lambo ikanitazama mimi. Mimi, katibu wao! Mwenyekiti akaniuliza kwa upole kama bado ninayo ile ndoo. Sijala.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimejibanza kwenye matete tangu alfajiri. Mbu wamenimaliza. Kulipokucha, mtu huyo na ndoo kichwani, anatembea taratibu kama anakwenda kisimani. Mayu! Kumbe kila akipewa fungu lake anachagua wadogo walio hai, anawafuga mtungini, kisha alfajiri anawarudisha. Nikatoka mbio. Nilipomfikia, nikajikuta nimepiga magoti, shikamoo ikanitoka. Utamkaripiaje mama aliyekuzalia mume? Akaitikia marahaba, akaendelea kumimina.

"Mbegu hailiwi yote," akasema. "Kwenu hawakukufundisha?"

Jumapili, 13 Oktoba
Misani sikusikia neno. Nimemwomba mume wangu aseme na mama yake. Ghafla kakumbuka ng'ombe. Mwoga yule.

Jumatatu, 14 Oktoba
Nimepata! Nani huacha mbegu shambani? Mbegu inakaa nyumbani. Nimemviringishia Mayu pipa hadi uani kwake, nikalijaza maji, nikamweleza hivyo, macho chini. Kafikiri mpaka nikachoka miguu. Kakubali. Kaweka kumi na wawili aliokuwa amewaficha, juu kafunika chandarua.

Jumanne, 5 Novemba
Mvua imeanza. Wiki mbili wavu mtupu, matope tumeyachimba, bado kila asubuhi nachungulia. Kambare haaminiki. Pipani wamebaki wanne, wanakulana. Mayu anasema nimemletea pipa baya.

Jumapili, 26 Januari
Pipani kabaki mmoja, mnene, hana haya. Mayu anampa pumba. Watoto wanamwita Mayu Bibi Kambare, naye anaitika.

Jioni aliniambia nimsindikize lamboni. Maji yametulia, vyura wanapiga kelele. Kwenye matete bata maji wawili, nyuma yao vifaranga saba. Nilishika mdomo. Nilingoja maji yatikisike, mmoja apotee. Hayakutikisika. Walivuka wote saba.

Mayu akainama, akachota maji kwa ndoo yake.

"Hiyo ndiyo mbegu, Mama Neema," akasema.

Nikamtwisha ndoo yake ya maji, tukarudi nyumbani.