Gitaa la Marehemu Baba yake Esperance

Jumatatu, 3 Juni
Nilikuwa napiga randa mbao za kitanda. Akaingia Esperance, mpiga gitaa wa kwaya ya Wakongomani hapa Rumonge. Kaleta gitaa la marehemu baba yake. Walipovuka ziwa kutoka ng'ambo, Kongo, lililowa. Vanishi imegeuka nyeupe kama maziwa, pembeni inabanduka. Alilitaka kabla ya Jumamosi, siku ya kumaliza matanga, Nyanza-Lac kwa mama yake. Mimi ni fundi wa vitanda na milango. Nimekubali. Sijui kwa nini.

Jumanne, 4 Juni
Nyuzi nimetoa. Nimepangusa kwa kitambaa chenye alikoli kidogo. Mgongoni weupe umeondoka. Mbele umegoma. Nimekwangua kwa wembe, kisha msasa laini. Ubao mwembamba mno. Jioni nimepaka vanishi mpya, mkono wa kwanza.

Jumatano, 5 Juni
Ukungu ule mweupe tena kwenye vanishi. Unyevu ulikuwa bado ndani, nami nikaufunika. Haraka yangu. Nimekwangua yote upya, nikalianika juani, nikaenda kuswali. Njiani mteja kanisimamisha, maneno mengi. Kurudi: ufa. Urefu wa kidole, chini ya tundu.
Nimejichukia.

Alhamisi, 6 Juni
Gundi asubuhi. Mchana vanishi, mikono mitatu. Ufa hauonekani kabisa. Mke wangu, Zaina, kaliinua kwenye mwanga, kaligeuza. "Usimwambie. Hataona."
Kweli hataona. Naona haya.

Ijumaa, 7 Juni
Amekuja baada ya swala. Gitaa linang'aa. Kajiona uso humo, kacheka. "Murakoze, fundi," akashukuru kwa Kirundi. Nilitaka kunyamaza. Nikasema: nililipasua mimi, kwa jua, ufa uko hapa chini ya vanishi.
Kaketi kwenye benchi, kafunga nyuzi moja moja. Mikono yangu haikuwa na pa kukaa. Akapiga. Sauti nzuri, ila uzi mnene ulikwaruza.
"Iko inakoroma," akasema.
Nikamwomba msamaha. Nikasema nitalipeleka Bujumbura kwa fundi wa magitaa, gharama juu yangu.
"Acha. Baba pia alikuwa anakoroma. Mama atacheka."
Akalia kidogo. Nikageukia ukutani mpaka akamaliza.

Jumamosi, 8 Juni
Kaondoka na basi dogo la asubuhi, gitaa mapajani. Upepo kidogo ziwani. Zaina kakaanga ndagala, dagaa wa hapa. Nimekula, nikalala hadi alasiri.