Bibi wa Daraja Lenye Paa

Kadogo wa Columbus,

Huku Buffalo tuko wazima, mama anakusalimia. Mimi kijana, lakini kwa ukoo ni babu yako, basi nikujibu kuhusu mzimu uliouliza. Lile daraja la mbao lenye paa halina mzimu. Siku tulipotoka Louisville na kwaya, tulikuta bibi mzungu mule ndani ameshika maua. Shemasi wetu akamkemea, "Toka, pepo!" Bibi akasema, "Huyo mnayemuita mzimu ni dada yangu. Alizama hapa."

Donc, yaani, watu wanakuja kupiga honi eti marehemu atoke! Kilio cha mtu ni mchezo? Mpaka leo nina hasira.

Tukakaa chini na bibi, kama tunavyokaa kwenye kilio kwetu. Gari likaingia, likapiga honi, waliomo wanacheka, wanataka tuwapishe. Wewe ungesimama uwapishe?