Ubao wa Thuwaini Nyuma ya Goli

Jumapili, 17 Januari 2021

Leo nimekwenda gereji mara ya kwanza tangu kutoka eda. Mtaa wetu wa Firq ule ule, vumbi lile lile. Kiti cha marehemu Thuwaini kimefutwa vizuri, hapana aliyethubutu kukikalia. Nimekaa mie. Shafiqul, fundi wetu wa miaka kumi na nne, kaniletea chai ya maziwa bila ya kuombwa, akasimama mlangoni akingoja kuambiwa lolote. 

Luay kanifungulia mafaili. Mwanangu huyu hesabu anazijua kuliko baba yake, subira ya baba yake ndiyo hana. Ati kwa korona hii watu hawasafiri, magari yamelala, nani atabadilisha matairi? Kweli. Kisha akanionyesha mkataba wa klabu ya hoki. Riali elfu sita kwa mwaka, unakwisha mwisho wa mwezi huu. Miaka kumi na moja Thuwaini kaidhamini timu ile. Jina lake liko kwenye jezi, na kwenye ubao mkubwa nyuma ya goli.

"Mama, uwanja hauna mtu hata mmoja," kanambia. "Ubao huo anausoma nani?"

Na tukilipa, mafundi wawili katika sita watarudi kwao. Hakusema nani. Nikamtazama Shafiqul pale mlangoni, nikanywa chai yangu.

Jumanne, 19 Januari

Bwana Soud kaja nyumbani. Ndiye mudiri, msimamizi wa klabu. Kakaa mbali, barakoa usoni, na kahawa kaikataa — maradhi haya yametufunza mambo! Kanipa pole tena ya marehemu, kisha kanieleza hali ilivyo. Hakuficha. Pesa za mlangoni hazikuwa nyingi tokea hapo, ila wadhamini walikuja kwa sababu ya watazamaji. Watu hawapo, wadhamini nao wanaondoka. Walikuwa watano, wamebaki watatu: sisi, Ghaniya wa duka la dawa, na muuza tende mmoja wa Ibra. Wachezaji wawili wa kigeni wamerejea kwao tangu Novemba. Wa hapa wanapokea nusu mshahara.

Nimemwambia wazi kwamba mwaka huu hatuwezi. Nilidhani atanibembeleza. Kaangalia mikono yake.

"Basi usilipe, Bi Tamima. Lakini ubao uwache."

Sikufahamu. Kanifahamisha taratibu. Ubao wa Thuwaini ukiteremshwa, wale wadhamini wawili wengine hawatomaliza wiki. Ukibaki, nao watabaki, timu itamaliza msimu. Hapana atakayeuliza. Tutajua yeye na mie.

Nimesema nitafikiri.

Jumatano, 20 Januari

Luay kafurahi. Tangazo la bure! Hana wasiwasi hata kidogo.

Mie ninao. Ghaniya si mtu baki. Mie na yeye tumefika Oman mwaka ule ule, sote wasichana wadogo tumetoka Unguja, tukakaa dawati moja Ibra, tukichekwa kwa Kiarabu chetu. Mpaka leo tunapigiana simu kila Alhamisi, tuzungumze Kiswahili chetu kisitupotee.

Ijumaa, 22 Januari

Nimekwenda kutazama mechi. Miaka kumi na moja jina la mume wangu liko pale na mie sijakanyaga! Bwana Soud kasema mdhamini anaruhusiwa. Nimepimwa joto kwenye kipaji cha uso, nikakaa jukwaani peke yangu. Viti vyote vile, vimefungwa utepe. Wageni walikuwa timu ya kutoka Sur.

Nilidhani patakuwa kimya. Kumbe kila kitu kinasikika. Gongo likipiga mpira, kama mtu kavunja ubao. Pumzi zao. Kipa wetu, kijana mmoja jina lake Anas, hakunyamaza hata dakika: huyu kulia, yule rudi, mtazame nyuma yako. Kwa Kiarabu, na akikasirika, kwa Kiswahili! Mtu wetu.

Dakika za mwisho tumetia goli. Wakakimbia kuelekea jukwaani, mikono juu, nadhani kwa mazoea. Walipofika wakanikuta mie tu, na mtandio wangu na mkoba mapajani. Wakasita. Nikapiga makofi. Mikono miwili, uwanja mzima. Nimeona haya, lakini sikuacha mpaka waliporudi kati.

Nyuma ya goli jina lake, herufi kubwa za buluu. Nimelisoma mara nyingi.

Jumamosi, 23 Januari

Yule kipa kaja gereji. Hakuja kwangu, kaja na tairi. Ana gari dogo la kupelekea watu vyakula majumbani, kazi hiyo ndiyo inayofidia ile nusu ya mshahara. Tairi limekwisha kabisa, nyuzi zimetoka nje. Shafiqul kaliangalia akatikisa kichwa.

Kanitambua. "Shikamoo, Bibi. Wewe ndiye uliyetupigia makofi."

Nimemuuliza kucheza bila ya watu kukoje. Kafikiri kwanza. Kasema zamani ukikosea, kelele zinakufunika. Sasa kila unalokosea unalisikia mwenyewe, na wenzako wanalisikia. Nikamuuliza kwa nini hatafuti kazi moja ya maana. Kasema ana miaka ishirini na sita, kipa anaanza kukomaa umri huo, na timu ikifungwa mwaka huu haitofunguliwa tena. Hakuomba kitu. Tairi nimemtilia jipya. Luay kanuna.

Jambo hilo nimelifikiria njia nzima: mkweli ni yeye, na anamchezea mudiri anayenitaka mie niseme uongo kwa ajili ya timu.

Jumanne, 26 Januari

Nimempigia Bwana Soud. Nimemwambia nitatoa elfu moja, ya kweli, iandikwe kwenye mkataba, na ubao ubaki kwa haki. Luay nimemshinda kwa hilo: mafundi wote wanabaki, mie nauza bangili mbili.

Bwana Soud kashukuru, kisha kakataa. Elfu moja ni mbaya kuliko kutotoa kitu, kasema. Muuza tende akisikia kwamba gereji kubwa inatoa moja, naye atatoa mia tatu. Mkataba wa elfu sita usiolipwa unamfaa zaidi kuliko wa elfu moja unaolipwa. Nimemwuliza, na Ghaniya akiniuliza mie? Kasema, "Hatokuuliza. Anakuamini."

Neno hilo kalisema kunituliza. Nimekaa nalo mpaka sasa, halijanituliza.

Thuwaini angefanyaje? Naandika swali hili kila siku na kulifuta. Sijui. Yeye alikuwa akipenda timu. Alikuwa akipenda na kulala usingizi wake vizuri.

Alhamisi, 28 Januari

Ghaniya kapiga asubuhi, mapema kuliko kawaida yake. Hakuanza na habari za nyumbani. Kasema mumewe anataka wajitoe hoki, duka la dawa la pili halijafunguliwa, pesa inahitajika kule. Yeye kamwambia mumewe asubiri, atazame kwanza Bi Tamima anafanya nini. Mjane, na gereji mikononi, kama yeye kabaki basi na wao ni aibu kutoka.

"Mumo bado nyinyi?" kaniuliza. "Ukinambia mumo, leo natia saini."

Nimemwambia nina mtu mbele yangu, nitampigia baada ya alasiri. Hapakuwa na mtu. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Alasiri imeshaswaliwa. Nimekaa na simu mapajani. Nikisema kweli, kesho Anas na wenziwe hawana timu, na mie ndiye niliyewapigia makofi. Nikisema tumo, anatia saini shoga yangu, kwa pesa aliyokuwa anaitaka kwengine, kwa neno langu.

Nimejaribu yote mawili kwa sauti, peke yangu chumbani. La kwanza, "Ghaniya, sie hatumo, ubao ule ni jina tu," limenikwama katikati, nimelianza mara tatu. La pili, "Tumo, mwenzangu, tumo," limetoka mara moja, laini, kama salamu. Hata sauti yangu nimeipenda. Hilo ndilo lililonitisha.

Simu inalia. Ni Ghaniya, hakungoja nimpigie. Naweka kalamu, nianze na lile linalonikwama.