Sababu Niliyowapa Wenzangu

Abaayo, dada yangu Weris,

Assalamu alaykum. Sisi huku Garissa tu wazima, alhamdulillahi. Mvua imenyesha kidogo, mbuzi wa mke wangu Fatumo wamezaa, na dawa za sukari ninameza kama ulivyoniagiza.

Alhamisi tuliketi hotelini kunywa chai, sisi wazee wapiga gitaa la besi. Abdiwahab alisifu nyuzi zake mpya. Alio akalalamika kwamba spika yake inamvunja mgongo kila akiibeba. Kisha akanigeukia, "Nunow, mbona hatukuoni tena arusini? Gitaa umelitupa?"

Dada yangu, vidole vyangu vya kushoto vimekufa ganzi. Nikibonyeza uzi, siuhisi. Lakini niliona haya kusema, nikajibu, "Nimeacha kwa ajili ya Mwenyezi Mungu."

Alio alinishika bega, machozi yakimlengalenga.

Jana nikasikia Alio amempa mpwa wake wa Habaswein gitaa lake. Nilikwenda kwake mbio, nikamweleza ukweli wote, nikamsihi alirudishe. Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa.

"Mimi nimeacha kweli, Nunow," akasema. "Wewe nenda ukatafute sababu yako."

Hakunifukuza. Aliniletea hata chai, nami nikashindwa kuinywa.

Leo nimeswali msikiti wa mbali, nisije nikasimama naye safu moja. Fatumo ameniuliza nilikuwa wapi, nikasema sokoni.

Niombee dua, abaayo. Watoto wasalimie, ila barua hii usiwasomee.

Kakako,
Nunow