Barua ya Mama Yako Uliyoifuta

Mwanangu Idrisa,

Barua hii nimempa mtu anayekuja huko Afrika Kusini, kwa kuwa simu zangu huzipokei.

Unakumbuka jioni zile mama yako alipokuwa India kwa matibabu? Uliunganisha kompyuta na waya wa simu, ikapiga kelele nyumba nzima, kisha barua yake ikatokea. Alikuwa mpiga chapa; hata katika ugonjwa hakukosea nukta. Ulitusomea ukimwigiza sauti, naye mdogo wako Mwanaidi akidakia, "Rudia hapo, kaka!"

Barua yake ya mwisho alimwandikia Mwanaidi. Mstari wa kwanza uliagiza isisomwe mpaka siku atakapoolewa. Uliishia hapo hapo, nami nilikuheshimu kwa hilo. Kisha tukaletewa maiti ya mama yenu.

Baadaye ulitaka kuifuta kompyuta yote ili uweke programu mpya. Nikakuuliza, "Na barua za mama yenu?"

"Zimo humu, baba." Ukanionyesha disketi.

"Umeifungua kwenye kompyuta nyingine ukaziona?"

Ukacheka. "Mzee naye! Mie hii ndiyo kazi yangu."

Nikasema basi zichapwe kwenye karatasi. "Karatasi tena, baba? Enzi hizo zimepita." Ukafuta, ukasafiri.

Juzi niliipeleka disketi kwa fundi hapa Temeke. Ndani mna alama moja tu, ile picha ya bahasha uliyokuwa ukiibonyeza ili programu ya barua ifunguke. Hukunakili barua, Idrisa. Ulinakili kitufe cha kuzifungulia. Fundi alipokibonyeza, kompyuta ilijibu kwamba haikipati inachokitafuta.

Kukosea ningekusamehe. Kinachonichoma ni kicheko kile. Kuifungua disketi na kutazama kusingekuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Hukutazama kwa sababu aliyekuomba ni mzee asiyejua kompyuta. Lakini mzee huyo amefundisha maisha yake yote, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kufuta ubao wangu kabla ya kulinganisha alichonakili na kilichoandikwa. Wewe mwenyewe nilikufundisha hivyo, katika darasa la pili.

Mwanaidi anaolewa mwezi ujao. Jana, akijaribu gauni, aliniuliza, "Baba, nani atanisomea barua ya mama? Natamani awe kaka." Nilitoka nje na karatasi, nikaanza kuandika barua hii.

Sitamjibu. Hakuna mtu duniani aliyeisoma barua ile, wala hakuna atakayeweza kumwambia ilisema nini. Habari hiyo utampa wewe, kwa kinywa chako, kabla ya siku yake. Radhi yangu katika jambo hili inangoja simu yako.

Nakuombea afya kila siku; hasira haijanizuia. Ila utakapompigia, usimwambie kwamba disketi iliharibika. Disketi ni nzima kabisa.

Ni mimi,
Baba yenu, wewe na Mwanaidi