Mifereji ya Kanisa la Mtakatifu Defendente

Valscura, wiki ya Watakatifu Wote

Kwako mdogo wangu Onorina,

Nakuuliza hali, ingawa najua utajibu sijambo hata ukiwa unakata roho. Sisi huku tupo. Magoti yananiuma, ukungu umelala bondeni, na wajukuu wangu wanaucheka mwandiko huu. Waache wacheke. Shule niliiacha kwa ajili ya mbuzi wa baba, ili wewe usome.

Sasa nikugombeze. Nani alikutuma uwachangishe watu wetu wa huko Torino wanunue mifereji ya paa la kanisa? Imefika, ya shaba, inang'aa kama sufuria za bibi harusi. Padri Ezio alikutaja kwenye misa, watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Msimamizi wa kazi ni binti wa mjini, Loredana, mpole, amesoma mpaka macho yamechoka. Alinionyesha ukuta wa kaskazini. Maji ya paa yanadondoka chini, unyevu unapanda, na ile Hukumu ya Mwisho waliyoichora watawa kabla ya tauni kubwa inabanduka. Malaika kabaki na bawa moja. Akasema bila mifereji tutakuja kusali mbele ya chokaa tupu. Sikumbishia, macho ninayo.

Ila nilimwuliza kama anajua kwa nini karne zote hizo kanisa lile halikuwekewa mifereji. Si kwamba wazee wetu hawakujua kukunja bati. Binti hakujua. Nikamwambia kwamba watoto waliozaliwa wamekufa, bila ubatizo, mapadri waliwakataa makaburini. Basi watu waliwazika chini ya upenu, ili kila mvua maji yapite juu ya paa la kanisa, yawadondokee, yawabatize. Binti akasema hayo ni mambo ya kale sana, mama. Padri Ezio, aliyekuwa karibu, akadakia kwamba Kanisa siku hizi halisemi hivyo, niache ushamba. Nikamwambia ushamba ndio uliomjengea hilo kanisa analoringia.

Ya kale, wanasema. Onorina, kaa kitako kwanza.

Yule binti yako uliyemzaa zizini, kabla hujaolewa, ukiwa huna fahamu kwa homa, hayuko chini ya ule msalaba wa mbao wa makaburini unaoutumia maua. Pale hamna kitu. Hakuwahi kupumua, kinyume na tulivyokwambia, na padri wa wakati ule alimkataa. Baba alimzika chini ya upenu wa kaskazini, karibu na mlango mdogo. Koleo nilishika mimi. Mama alituapisha tusikwambie.

Nimewazuia mafundi wasipandishe ngazi mpaka nipate neno lako, na Loredana amekubali kungoja wiki moja. Ningekuwa mimi, malaika na abanduke. Lakini mtoto ni wako, na mifereji ni yako. Usipige simu ya baa, wote wanatega masikio. Andika.

Wasalimie wanao. Mumeo asiione hii, kama hajui.

Leo imenyesha mchana kutwa. Nilikwenda kusimama pale, nikaloa. Bado anapata maji.

Ni mimi dada yako,
Delfina